Unene wa Nepi Ukunjwe, Usishonwe

Mama mjamzito akija kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, kuniagiza nepi, kwanza namuuliza atazianika wapi. Wengi hushangaa. Wamekuja wamejiandaa kuchagua rangi, maua, vifungo na mpira wa kiunoni. Lakini masika ya pwani, Machi hadi Mei, yamenifundisha kwamba kazi kubwa ya nepi za kitambaa iko kwenye kamba ya kuanikia.

Nepi iliyoshonwa tayari kwa umbo la chupi, tabaka nne au tano zimebanwa pamoja na plastiki nje, inavutia. Ukiifua, maji hubaki katikati: juu imekauka, ndani mbichi, na kesho yake inanuka uvundo. Kitambaa cha mraba cha tabaka moja, kama sentimita 60 kila upande, hupata jua na upepo kote. Unakikunja wakati wa kumvalisha mtoto, unakikunjua wakati wa kuanika. Ndiyo maana mteja akitaka tabaka nyingi zishonwe pamoja, namshawishi abadili mawazo.

Kitambaa kiwe cha pamba: taulo, fulaneli, marekani, au kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Kwa kichanga, mimi naiweka kanga kuukuu mbele ya vyote. Ila siku hizi kuna kanga za poliesta. Dondoshea tone la maji uone kama linanyweka. Ukiwa bado na shaka, chomoa uzi uuchome: wa pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kubaki majivu, wa poliesta huyeyuka ukawa punje ngumu. Pamba mpya nayo hainyonyi vizuri mwanzoni kwa sababu ya mafuta yake ya asili. Ifue mara kadhaa kabla mtoto hajazaliwa.

Kichanga huhitaji kubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Dazani mbili zinamtosha mama anayefua kila siku. Masika, ongeza dazani moja.

Choo kikubwa kitupwe chooni kwanza, nepi ikae kwenye ndoo kavu yenye mfuniko hadi saa ya kufua. Nasisitiza kavu, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji kidogo tu. Fua kwa maji moto na sabuni ya kawaida, suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki huwasha ngozi. Dawa ya kulainisha nguo iache: huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya.

Anika juani, kisha piga pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mapindo. Nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi na kutokeza jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo.

Jambo jingine linalonikosesha raha ni vile vidonge vyeupe vya naftalini, vyenye harufu kali, vinavyowekwa sandukuni kufukuza nondo. Nepi za mtoto aliyetangulia hutunzwa humo zikimngoja mdogo wake. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huu si nadra katika maeneo ya malaria kama yetu. Mvuke wa naftalini unaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu, mtoto akageuka manjano na kuugua vibaya. Tunza nepi kwenye mfuko safi, kavu, bila dawa yoyote.

Unapomfunga winda, acha miguu ikunjike na kutanuka kama inavyokaa kwenye mbeleko; kuinyoosha na kuibana hudhuru nyonga. Ukitumia pini, weka vidole vyako kati ya ncha na tumbo la mtoto.

Pampasi siikatazi. Safari ya basi hadi Dar es Salaam ni ndefu, na vituoni hakuna pa kufulia. Nyumbani, mtoto anayetembea mkunjie nepi mbili pamoja usiku. Mchana chupi nene ya pamba inamtosha, na akilowa ajue amelowa, ndipo aanze kukuita.