Presha, mtoto na ndege wa Ileje

Daktari amekwambia utembee. Ukatembea siku tatu kandokando ya foleni ya malori Tunduma, ukala vumbi na moshi wa dizeli, siku ya nne ukabaki nyumbani. Nakuelewa. Na kama una mtoto mwenye pumu, hapo barabarani usimpeleke kabisa.

Wiki hii nakupa sababu nyingine ya kutoka: ndege. Si wale wanaotua Uwanja wa Songwe.

Jumamosi alfajiri panda gari hadi Mpemba, kisha ushike barabara ya Isongole, kilomita 50 za lami zinazopanda na kushuka milima ya Ileje. Usitembee kwenye lami yenyewe, magari hukata kona kwa kasi. Shuka kijijini, salimia wenyeji, uliza njia ya miguu inayofuata bonde lenye miti. Beba kitambulisho, maana Malawi iko ng'ambo tu ya Mto Songwe.

Kabla ya saa 3 asubuhi ndege wana kelele. Dudumizi utamsikia kabla hujamwona: sauti nzito inayoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee husema anaita mvua. Kwenye maua ya migomba tazama chozi, mdogo, mdomo umepinda, haishi kuhangaika. Juu ya bonde, mwewe anaelea bila kupiga mbawa. Darubini si lazima. Ukiwa nayo, mtoto asiielekeze juani hata mara moja.

Sasa ukweli mmoja ambao wapenda ndege hawaupendi: kusimama chini ya mti si mazoezi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kwa hiyo tembea haraka kutoka mti hadi mti, kiasi cha kuweza kuzungumza lakini usiweze kuimba, halafu ndiyo usimame utazame. Mtoto wa shule anahitaji dakika 60 kila siku, na kukaa nje kwenye mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa kupata tatizo la kutoona mbali. Simu haimpi hilo.

Mwaka 2022 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti wa watu 1,292. Walioona au kusikia ndege walijisikia vizuri zaidi kwa muda unaofikia saa 8, hata wenye sonona. Presha haikupimwa humo, kwa hiyo vidonge vyako endelea navyo.

Kama kipimo chako cha mwisho kilikuwa 180 kwa 110 au zaidi, usipande mlima. Rudi kliniki kwanza. Unayetumia dawa ya kukojosha, beba maji na uinuke polepole ukishachuchumaa. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, keti, kisha tafuta kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa ya kuvuta ya mwenye pumu ikae mfukoni, si kwenye begi lililobaki garini. Ndege aliyekufa asiguswe.

Mpe mtoto daftari. Upande mmoja aandike ndege mliowaona na dakika mlizotembea, upande wa pili presha yako kila unapopima. Siku ya kliniki, nenda nalo.