Sarafu za Kale za Roma na Bizanti: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki husafiri hadi Istanbul kununua bidhaa. Mji huo ndio Constantinople ya zamani, makao makuu ya Dola ya Roma ya Mashariki, yaani Bizanti. Mgeni anaweza kushawishiwa kununua sarafu za kale, hasa karibu na magofu. Tunamtahadharisha mlaji kuwa ununuzi huo una hatari mbili: sarafu ikiwa bandia, amepoteza fedha zake, ikiwa halisi, huenda akavunja sheria anapoondoka nayo.

Kuitambua sarafu

Sarafu nyingi za watawala wa Roma zina sura ya Kaisari, ikizungukwa na maandishi ya Kilatini yaliyofupishwa. IMP ni cheo cha amiri wa majeshi, na AVG ni Augusto. Herufi V husimama badala ya U. Sarafu ya dhahabu iliyoitwa solido, iliyoanzishwa na Constantine I, ilipimwa 72 kwa ratili moja ya Kirumi, hivyo kila moja ina uzito wa takriban gramu 4.5.

Mwaka 498, Anastasius I alianzisha sarafu kubwa za shaba zenye herufi za Kigiriki zilizotumika kama tarakimu: M ni 40, K ni 20, I ni 10 na E ni 5. Herufi CON chini ya M humaanisha kuwa sarafu iligongwa Constantinople. Kuanzia mwaka wa 12 wa utawala wa Justinian I (538–539), sarafu hizo ziliandikwa neno ANNO pamoja na mwaka wa utawala.

Dalili za sarafu bandia

Sarafu hizi ziligongwa kwa nyundo, moja moja, kati ya mihuri miwili ya chuma. Kwa hiyo si rahisi kupata mbili zilizopinda na kupasuka mahali pale pale. Ukionyeshwa mbili zinazofanana hata kwa ufa, yaelekea zimesubiwa katika kalibu moja. Tazama pia kwa lenzi: mstari wa kiungo unaozunguka ukingo, vitundu vidogo vya hewa na herufi zilizofifia kingo zake ni dalili za kusubiwa.

Hata hivyo, bandia nyingine hugongwa kwa mihuri mipya na hazina dalili hizo. Mapema karne ya 19, Mjerumani Carl Wilhelm Becker alitengeneza za namna hiyo, zikawahadaa wakusanyaji wazoefu. Kwa sarafu ya bei kubwa, macho yako hayatoshi. Mtafute mtaalamu asiye na maslahi katika mauzo.

Umri si thamani

Sarafu ndogo za shaba za karne ya 4 ziligongwa kwa wingi mno, na nyingi zinauzwa kwa bei nafuu hadi leo. Usilipe bei kubwa kwa sababu tu umeambiwa kitu kina miaka 1,700.

Sheria

Sheria Na. 2863 ya mwaka 1983 ya Uturuki inakataza kutoa mali za kale nchini humo bila idhini. Adhabu ya kuzitorosha ni kifungo cha miaka 5 hadi 12, pamoja na faini. Cheti cha uhalisi anachokupa muuzaji si kibali cha kusafirisha.

Tunashauri

1. Usinunue sarafu ya kale kutoka kwa mchuuzi wa magofuni, hata akikuapia kuwa aliiokota shambani.
2. Kwingineko, dai stakabadhi yenye jina la muuzaji, maelezo ya sarafu, uzito wake na historia ya umiliki.
3. Pata kwa maandishi ahadi ya kurudishiwa fedha endapo itathibitika kuwa bandia.
4. Usiisugue wala kuitia tindikali. Utandu wake ni sehemu ya ushahidi na ya thamani.

Muuzaji akikuharakisha au akikataa kuandika, mrudishie sarafu yake.