Kompyuta Ndogo: Pima Kasha Kwanza, Prosesa Baadaye

Boom likiingia tu, vyumbani hosteli maswali ni yale yale: ninunue laptopu gani? Wengi wanaishia kwenye laptopu, lakini siku hizi wapo wanaotaka kompyuta ndogo ya mezani, kiboksi kinachoingia kwenye begi la mgongoni. Leo unakichomeka kwenye monita hapa chuoni, muda wa mazoezi ya kufundisha ukifika unaondoka nacho. Kwa sisi wa ualimu ni jambo la maana, kwa sababu kiboksi kimoja na projekta vinatosha kuonyesha mchoro wa moyo au ramani ya Afrika kwa darasa la watu mia.

Shida ni kwamba kompyuta kubwa ina nafasi ya kubahatisha, ndogo haina. Kwenye kasha kubwa, feni ikizidi sentimita tatu itaingia tu. Kwenye kasha dogo, kifaa kimoja kikizidi milimita tano mfuniko haufungi. Anayekaa Dar atapanda daladala arudi Kariakoo. Lakini tuseme umepangiwa shule huko Bisibo, Biharamulo. Kifaa hicho kinarudi kwa basi kupitia Kahama, Nzega, Singida na Dodoma, zaidi ya kilomita elfu moja, na muuzaji anaweza kukikataa. Ndiyo maana kulinganisha vifaa kumalizike kwenye karatasi, kabla hujatoa hata shilingi.

Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza: mashine ya ofisi iliyotumika

Hii ndiyo ya wengi wetu. Ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba zinapobadilisha kompyuta, zile za zamani zinafika kwenye maduka yetu. Ndogo kabisa kati ya hizo Dell wanaiita Micro, HP wanaiita Mini, Lenovo wanaiita Tiny. Zote zinakaribia vipimo vile vile: sentimita 18 kwa 18, unene sentimita tatu na nusu hivi. Hapa kasha, mazabodi na feni vimeshachaguliwa na kiwanda, kwa hiyo kazi yako ni kujua nini kinaweza kubadilishwa na nini hakiwezi.

Anza na kizazi cha prosesa. Kwenye prosesa za Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza ya namba ndiyo kizazi: i5-7500T ni kizazi cha 7, i5-8500T ni cha 8. Tofauti hiyo ni kubwa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa prosesa chache sana za kizazi cha 7. Ndiyo sababu mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zimeshuka bei. Ukiipata kwa bei nzuri si vibaya, ila panga mapema kuwekea Linux kama Ubuntu, usitegemee Windows 11.

Wapo watakaokwambia, "Chukua tu ya kizazi cha 7, baadaye utaweka prosesa ya cha 8." Usikubali. Vizazi vyote viwili vinatumia soketi inayoitwa LGA1151, na prosesa itakaa vizuri kabisa kwenye tundu lake, ila mashine haitawaka. Mazabodi za kizazi cha 7 hazikutengenezwa kuisoma prosesa ya cha 8. Kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine.

Ile herufi T mwishoni nayo ina maana. Inaonyesha prosesa ya wati 35, wakati i5-8500 isiyo na T ni ya wati 65. Kiboksi kilichoundiwa prosesa ya wati 35 kina feni na adapta zilizopangiwa prosesa hiyo. Ukikiwekea prosesa kubwa kitachemka na kujipunguza kasi, hivyo hela uliyoongeza inaishia kwenye joto.

RAM za viboksi hivi ni fupi, zile za laptopu, zinaitwa SO-DIMM. RAM ndefu ya kompyuta ya kawaida haiingii hata kwa nguvu. Halafu angalia kama ni DDR3 au DDR4: mkato wa katikati uko sehemu tofauti, kwa hiyo moja haiwezi kukaa kwenye tundu la nyingine.

SSD ndogo za M.2 zina aina mbili zinazofanana sana kwa macho, SATA na NVMe. Tundu jingine linakubali aina moja tu. Mwongozo wa mashine ndio utakaokwambia, usimtegemee muuzaji.

Adapta nazo zinachanganya watu. Za Dell na HP nyingi ni za volti 19.5, za Lenovo ni volti 20, na plagi zake hazifanani. Dell wana jambo la ziada: mashine hukagua adapta, na isipoitambua inaweza kukuonya kisha ikapunguza kasi. Usinunue kiboksi bila adapta yake.

Mwisho, angalia matundu ya nyuma. Nyingi zina DisplayPort, wakati projekta za shule mara nyingi zina VGA au HDMI. Kifaa cha kubadilishia si ghali ukiwa mjini, lakini ukiwa kijijini bila hicho kipindi chako kimekufa. Uliza pia kama ndani kuna kadi ya Wi-Fi, maana nyingine hazina.

Kuna pia saizi ya pili ya ofisi, SFF, iliyo nene kidogo. Hii inakubali kadi ya picha, ila iwe ya kimo kifupi na isiyohitaji waya wake wa umeme. Tundu la kadi kwa kanuni hutoa mpaka wati 75, na baadhi ya mashine za ofisi hutoa chini ya hapo. OptiPlex 7050 SFF nzima ina pawasaplai ya wati 180, na pawasaplai hiyo haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Ikiungua, ya dukani ya kawaida haitasaidia.

Njia ya pili: kuunda mwenyewe

Hapa uhuru ni mkubwa na mitego ni mingi. Chagua kasha kwanza, kisha vingine vyote vilitii kasha.

Mazabodi ya kasha dogo inaitwa Mini-ITX, milimita 170 kwa 170, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001. Ile ya kawaida ya ATX ni 305 kwa 244, haitaingia. Pawasaplai nayo ina ndogo yake, SFX, upana milimita 125, urefu 100, kimo 63.5. Ipo na SFX-L yenye urefu wa 130. Milimita 30 hizo mara nyingi ndizo zinazochukua nafasi ya nyaya.

Feni ya prosesa ipime kwa kimo. Kasha likisema mwisho milimita 45, feni ya 37 kama Noctua NH-L9i inafaa, ile ya 65 haifai hata kama ni bora zaidi.

Prosesa angalia herufi zake. i5-12400F haina uwezo wa picha ndani yake, na Ryzen 5 5600 hivyo hivyo. Bila kadi ya picha utawasha na kuona monita nyeusi. i5-12400 au Ryzen 5 5600G inatosha kwa kazi zetu zote, na unaokoa nafasi na umeme.

RAM inafuata mazabodi. Soketi ya AM4 ni DDR4, AM5 ni DDR5 pekee, na LGA1700 kuna mazabodi za DDR4 na nyingine za DDR5. Soma jina la mazabodi yenyewe, usiishie kwenye jina la soketi.

Umeme nao ni kifaa

Mradi wa maporomoko ya Rusumo wilayani Ngara una megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Hata hivyo umeme kukatika kupo, na zipo shule zinazotegemea sola. Hapa kiboksi cha wati 35 kinaonyesha faida yake. Tuseme kiboksi na monita vinatumia wati 40 kwa pamoja. Kwa saa 5 ni wati-saa 200. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya risasi inashauriwa usiishushe chini ya nusu, yaani unabaki na 600. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, siku mbili za kazi zinawezekana bila jua. Kompyuta kubwa yenye kadi ya picha ya wati 200 ingeimaliza betri hiyo asubuhi moja.

Ukinunua pawasaplai iliyotoka Marekani, tazama kama ina swichi ya 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikibaki kwenye 115, inaungua siku hiyo hiyo.

Karatasi ya kwenda nayo dukani

Andika modeli kamili ya mashine au kasha, kisha chini yake: soketi na kizazi, wati za prosesa, aina na urefu wa RAM, aina ya M.2, kimo cha feni, aina ya pawasaplai au adapta, matundu ya picha. Jaza kila mstari kutoka kwenye mwongozo wa mtengenezaji, unapatikana bure mtandaoni. Mstari mmoja ukibaki wazi, usilipe.

Ukifika dukani, omba iwashwe mbele yako. Ingia BIOS uone kama haina nywila, maana mashine za ofisi hubaki na nywila za wenyewe, na kuzitoa ni kazi. Chomeka flashi kila tundu la USB. Iache iwake nusu saa usikilize feni. Muuzaji akikuharakisha, nenda duka la jirani. Wewe ndiye utakayebaki nayo Bisibo, na fundi wa karibu huenda asiwe na kifaa hicho.