Lupita kabla ya Oscar: Binti wa waziri aliyekubali kutumwa

UKIWAULIZA vijana wengi jinsi Lupita Nyong'o alivyofika Hollywood, watakutajia tuzo ya Oscar ya Machi 2014 na kuishia hapo. Yaani ni kama aliamka tu asubuhi moja akajikuta staa. Kumbe kabla yake kulikuwa na miaka mingi ya kazi zisizopigiwa mtu makofi.

Akiwa na miaka 14, aliigiza Juliet katika Romeo and Juliet jijini Nairobi, chini ya kundi la Phoenix Players. Baadaye akaenda Marekani kusomea filamu katika chuo cha Hampshire.

The Constant Gardener, iliyotoka 2005, ilipopigwa hapa nchini, naye alikuwepo. Lakini si mbele ya kamera! Alikuwa msaidizi kwenye seti, wale wa kutumwa huku na kule. Wakati huo babake, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa waziri wa Mipango. Ni kweli si kila kijana ana mzazi wa kumsomesha ng'ambo, na hilo tusilifiche. Hata hivyo, binti wa waziri alikubali kutumwa.

Hapo ndipo alipomwambia mwigizaji Ralph Fiennes kwamba naye anatamani kuigiza. Fiennes hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimshauri aingie tu iwapo anahisi hawezi kuishi bila kazi hiyo.

Mwaka wa 2009 ulikuwa wa shughuli si haba. Alitoa In My Genes, filamu kuhusu maisha ya Wakenya wenye ualbino, ambayo aliiongoza mwenyewe. Mwaka huo huo aliongoza video ya The Little Things You Do, wimbo wa Wahu akimshirikisha Bobi Wine. Wengi wameucheza wimbo huo bila kujua nani alikuwa nyuma ya kamera. Kisha akaonekana kama Ayira katika Shuga, kipindi cha MTV kilichowazungumzia vijana kuhusu Ukimwi.

Angeweza kubaki hapa akitamba kwenye runinga. Badala yake alirudi darasani, katika chuo kikuu cha Yale, akasomea uigizaji kwa miaka mitatu. Mnamo 2012, akikaribia kufuzu, akapata nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza kubwa kama mwigizaji, na ndiyo iliyompa Oscar.