Sikio la Mbwa Lina Kona

Mama mmoja alikuja kliniki na mbwa wake, Simba, pamoja na mkoba wenye chupa tatu za dawa ya matone, zote zimefika nusu. "Daktari," akaniambia, "sikio la huyu halisikii dawa." Simba alikuwa akitikisa kichwa na kujikuna kwa mguu wa nyuma. Nilipoinua sikio lake la kulia, harufu ya kitu kilichochacha ikatujaa puani.

Njia ya sikio la mbwa haiendi moja kwa moja ndani kama yetu. Inashuka chini kwanza, kisha inakata kona kuelekea kwenye ngoma ya sikio, mfano wa herufi L. Maji ya kuogea, nta na mbegu za nyasi vikishaingia, kutoka ni kazi. Kijiti cha pamba nacho hakisafishi kona hiyo, bali kinashindilia uchafu mbele zaidi.

Humo ndani wasumbufu wakubwa ni watatu. Fangasi aitwaye Malassezia huleta nta ya kahawia yenye mafuta na harufu kali. Bakteria mara nyingi huleta usaha wa njano au kijani na maumivu makali, hata mbwa hataki kuguswa kichwa. Utitiri wa sikio huonekana zaidi kwa watoto wa mbwa: nta nyeusi, kavu, kama kahawa iliyosagwa. Huo huambukiza mbwa na paka wengine nyumbani, hivyo wote hutibiwa pamoja.

Dalili hizi huchanganyika, ndiyo maana hatuamui kwa macho na pua peke yake. Nilichukua nta kidogo ya Simba, nikaipaka kwenye kioo, nikaitia rangi na kuiweka chini ya hadubini. Fangasi walijaa, kila mmoja umbo lake kama ganda la karanga. Bakteria sikuwaona. Chupa zote tatu zilikuwa na antibiotiki, ambayo haiui fangasi, na dawa ya kutuliza uvimbe. Hiyo ya pili ndiyo iliyompa nafuu ya siku mbili tatu, kisha ugonjwa ukarudi palepale.

Kabla ya dawa yoyote, ngoma ya sikio hukaguliwa. Ikiwa imetoboka, baadhi ya dawa, gentamisini ikiwemo, zinaweza kumfanya mbwa kiziwi.

Nyumbani, anza na usafi. Mimina dawa ya kusafishia masikio ya mbwa, kisha kanda shina la sikio taratibu kwa nusu dakika mpaka usikie majimaji yakicheza ndani. Mwache ajitikise. Futa kwa pamba uliyozungushia kidole, uishie pale kidole kinapoishia. Sikio likishakauka, tia matone na ukande tena. Spiriti, maji ya limao na oili chafu ya gari visikaribie sikio lenye kidonda.

Matibabu mara nyingi huchukua wiki moja hadi mbili, na wengi huacha siku ya nne harufu inapokata. Malizeni siku mlizopangiwa, kisha mrudi sikio likaguliwe tena. Likiendelea kurudia, chanzo kitafutwe: kupe, maji ya kuogea au, mara nyingi sana, mzio wa ngozi. Simba alikuwa na mzio, na bila kuutibu tungeonana kila msimu.

Mbwa akipinda kichwa upande mmoja au akiyumba anapotembea, huenda ugonjwa umevuka ngoma. Mpeleke siku hiyohiyo. Na kama sikio "halisikii dawa", usinunue chupa ya nne. Mwombe daktari aangalie kwanza nta ya mbwa wako kwenye hadubini.