Kichujio cha Rangi na Mwale wa Nuru: Kutoka Tochi ya Mwanafunzi hadi Kivuli cha Msitu wa Uluguru

Katika majaribio ya nuru yafanywayo na wanafunzi wa sekondari, lile la vichujio vya rangi huonekana jepesi kuliko mengine. Tochi hufunikwa kwa karatasi nyekundu ya nailoni, na ukutani hutokea duara jekundu. Ugumu umo katika ufafanuzi. Wanafunzi wengi hueleza kwamba karatasi imeitia nuru rangi, kama mtengeneza batiki akitiavyo kitambaa. Ufafanuzi huo ni potofu, lakini duara lile peke yake haliwezi kuukanusha, kwa kuwa linalingana na fikra zote mbili: ya kuongeza na ya kupunguza.

Istilahi ya Kiswahili inabeba jibu. Kichujio kinatokana na kitenzi kuchuja, na mtoto aliyewahi kusaidia kuandaa tui anajua kwamba chujio haliongezi kitu: tui hupita, machicha hubaki. Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi. Kichujio chekundu hupitisha miale yenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 620 hadi 750, na kufyonza sehemu kubwa ya iliyosalia. Inasikitisha kwamba mwanafunzi aliyesoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili huingia sekondari, ambako hufundishwa kwa Kiingereza, na kuliacha neno hili mlangoni.

Hatua yenye uzito ni ya vichujio viwili. Tochi mbili, moja yenye kichujio chekundu na nyingine cha kijani, zikimulika mahali pamoja kwenye karatasi nyeupe, hutokea rangi ya manjano. Vichujio hivyohivyo vikipangwa kimoja nyuma ya kingine mbele ya tochi moja, ukuta huwa giza au karibu na giza. Kama vingekuwa vinatia rangi, ingetarajiwa rangi mchanganyiko yenye mwanga. Kumbe kilichopita katika cha kwanza ndicho hasa kinachofyonzwa na cha pili. Karatasi za kufungia zawadi si vichujio safi, nazo huvujisha nuru hafifu. Mabaki hayo yanapaswa kuandikwa, si kufichwa ili ripoti ipendeze. Newton alikabili fikra kama hiyo mwaka 1672, alipoeleza kwamba prizimu haiitii nuru rangi bali hutenganisha zilizomo tayari.

Kwenye miteremko iliyo juu ya mji wa Morogoro, uchujaji huohuo hutokea bila tochi. Majani ya msitu wa Uluguru ni vichujio vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Klorofili hufyonza zaidi miale ya bluu na nyekundu kwa ajili ya usanisinuru. Kijani hupenya kwa kiasi, na nuru nyekundu ya mbali, ya zaidi ya nanomita 700, ambayo jicho huiona kwa shida, hupenya kwa wingi zaidi. Kivuli cha msitu, basi, si upungufu wa mwanga tu kama kivuli cha ukuta. Ni nuru yenye mchanganyiko mwingine. Mimea huitambua tofauti hiyo kwa protini iitwayo faitokromu, inayoathiriwa na uwiano wa nyekundu na nyekundu ya mbali. Mbegu za baadhi ya miti ipendayo uwazi hubaki zimelala chini ya kivuli hicho. Mti mkubwa unapoanguka, au unapokatwa kwa ajili ya mkaa au shamba, nuru isiyochujwa hufika ardhini, na mbegu hizo huanza kuota.