SI UVIVU, HUENDA NI MSHIPA

Sisi wa shule ya kutwa twaijua miguu yetu vizuri, maana ndiyo basi letu asubuhi na jioni. Lakini mwenzetu akisimama njiani na kushika shavu la mguu, tunamcheka eti ni mvivu. Leo ningependa kueleza kwa nini tusiwe wepesi wa kucheka.

Misuli inapofanya kazi huhitaji damu nyingi. Ateri ikibanwa, damu haitoshi na mguu huuma. Maumivu hayo huanza baada ya mwendo fulani, hutulia mtu akipumzika dakika chache, kisha hurudi akitembea tena. Kwa wazee, hasa wavutaji sigara na wenye kisukari, sababu ya kawaida ni mafuta yaliyogandamana ndani ya ateri. Je, kijana asiyevuta sigara?

Hapo ndipo tunaposema kikulacho ki nguoni mwako. Watu wachache huzaliwa ateri ikipita pasipo pake nyuma ya goti, basi msuli wa shavu la mguu huibana kila unapokaza. Aliyeeleza jambo hili mwaka wa 1879 hakuwa profesa. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Edinburgh, T. P. Anderson Stuart, aliyechunguza mguu uliokuwa umekatwa.

Ugonjwa huu ni mjanja. Mgonjwa akilala kitandani, mapigo ya mguu yaweza kuwa sawa kabisa. Kwa hivyo daktari hupima presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, akamkimbiza mgonjwa kidogo, kisha akapima tena. Ya mguu ikishuka chini ya asilimia 90 ya ile ya mkono, kuna shaka. Halafu ateri hupigwa picha mguu ukiwa umelegea na ukiwa umekazwa.

Ukijulikana mapema, daktari hupasua na kuukata msuli unaobana, damu ikapita. Ukicheleweshwa, ateri huharibika na damu yaweza kuganda humo.

Basi ndugu msomaji, mguu ukikusumbua hivyo, usinyamaze kwa kuogopa kuchekwa. Hesabu: maumivu huanza baada ya mwendo gani, na hukoma baada ya dakika ngapi? Mpelekee daktari majibu hayo. Nasi wengine, tumngojee mwenzetu apumzike.